Pensi ya Kasuku

Nilipoolewa nikaletwa Mkunya nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi, na mizigo yangu ilikuwa vitabu na magauni marefu. Mama mkwe alinipokea vizuri. Alikuwa mjane, mrefu, mabega yamenyooka, kiongozi wa akina mama kanisani, na alikuwa na namna ya kuitikia "marahaba" iliyokufanya ujiangalie kama vifungo vyako vimefungwa sawasawa. Mume wangu alifundisha sekondari upande wa Chidya na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingi tulibaki mimi, yeye na watoto, kila mmoja akimheshimu mwenzake mpaka inachosha. Huku kwetu mkwe hakai hovyo mbele ya mkwe. Nilifunga kanga juu ya gauni hata kwenda kuchota maji kwenye pipa lililo hatua chache kutoka mlangoni. Yeye aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, mimi nikamwita mama, na tangu niolewe tulikuwa hatujawahi kucheka pamoja kicheko cha maana.

Watu wa mbali hudhani kwamba kwa kuwa tuko juu ya uwanda, basi ni baridi mwaka mzima. Waje Juni watapata wanachokitafuta. Lakini waje Oktoba, wakati korosho zinaanguka na mvua bado iko kwenye maneno tu. Hewa inasimama. Bati linalia kwa joto. Nikitoka darasani mchana nilikuwa nimelowa kuanzia shingoni hadi magotini, na bado nilitakiwa nivae gauni, juu yake kanga, nipike ugali wa muhogo jikoni kwenye moshi, na nionekane mke mwema.

Mwaka mmoja, Oktoba kama hiyo, nilishuka Masasi kwenye mafunzo ya walimu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi pale na ana saluni ndogo karibu na stendi. Ni mtu ambaye ukimsalimia tu unaanza kutabasamu kabla hujajua kwa nini. Mafunzo yalipokwisha alifunga saluni, akanishika mkono, akaniambia kuna belo la mitumba limefunguliwa sokoni na tukichelewa tutakuta nguo za baridi tu.

Tulikuta wanawake wameinamia turubai kama kuku kwenye mtama. Na hapo ndipo nilipoziona. Zilikuwa pensi za kike, nyepesi, laini, zenye lastiki kiunoni na mapaja mapana, zimejaa michoro ya kila namna: mananasi, matikiti yaliyokatwa, majani ya mgomba, maua makubwa kuliko ua lolote nililowahi kuliona. Niliikunja moja ikaingia yote kwenye kiganja. Niliipuliza ikanyanyuka. Wifi alianza kucheka kwa jinsi nilivyokuwa nimeganda pale na pensi mkononi, nikiwaza mapaja yangu na Oktoba.

Mimi nilichukua yenye maua ya bluu. Yeye alichukua ya matikiti. Ilibaki moja ambayo hatukuweza kuiacha, ya kijani, iliyojaa kasuku wekundu na wa njano waliotazamana kama wanasengenyana. Ilikuwa pana mno kwetu sote wawili. Wifi alisema niichukue tu, nitaipunguza kwa sindano. Mchuuzi alitushauri tununue upesi kwa sababu alikuwa amechoka kutusikiliza.

Tulipofika kwake tulifunga mlango tukazivaa. Sijui niseme nini kuhusu jioni ile. Tulikuwa wanawake wenye watoto, wenye kazi, na tulizunguka sebuleni tukitazamana magoti kama watu ambao hawakuwahi kuwa nayo. Feni ilikuwa inapuliza na upepo ukaingia hadi kiunoni. Wifi alipanda juu ya kochi akahubiri habari za matikiti. Nilicheka hadi nikalala sakafuni, na sakafu ilikuwa ya baridi, na miguu yangu iliigusa yote, kuanzia kisigino hadi paja. Nikaona nimechelewa sana katika maisha.

Nyumbani Mkunya niliivaa chini ya sketi na kanga, asiione mtu. Furaha ilikuwa ileile. Nilisimama mbele ya darasa la tano nikifundisha kuzidisha, uso mkavu, na maua ya bluu yalikuwa pale chini yakinipa hewa. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama nina habari njema nyumbani, kwa sababu siku hizi natabasamu ubaoni. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Shida ilikuwa kuianika. Wanawake wote wanajua namna ya kuanika kitu usichotaka kionekane: unakitandaza kwenye kamba, kisha unakifunika kwa kanga. Nikafua zote mbili, ya maua na ya kasuku, maana ile ya kasuku nilitaka kuipunguza ikiwa safi. Nikazianika uani chini ya kanga moja kuukuu, nikaenda kazini. Niliporudi, kanga ilikuwepo, maua yalikuwepo, kasuku hawapo.

Nilitafuta kwenye mihogo. Nilitafuta nyuma ya choo na kwenye banda la mbuzi, nikamkagua mbuzi mdomo. Upepo wa huku, ukiamua, unaweza kubeba nguo na kuitupa nje ya ukingo wa uwanda, kule ambako nchi inakatika na kushuka kuelekea Ruvuma. Nilianza kumfikiria mtu wa bondeni akiamka asubuhi na kukuta kasuku wametua kwenye paa lake. Nikacheka peke yangu nikiwa nimeinama kwenye mihogo, na mama mkwe akatokea mlangoni.

Aliniuliza nimepoteza nini. Nikasema kitambaa tu, mama, kitambaa kidogo. Alitazama kamba, akatazama mbingu.

"Upepo ulikuwa mkali leo," akasema, akarudi ndani.

Nilimpigia wifi simu nikamwambia kasuku wameruka. Alinituhumu kwamba nimempa mtu. Nikaapa. Tukakubaliana kwamba ni mbuzi.

Jumamosi iliyofuata wifi alipanda Mkunya kuja kutusaidia shambani, kwa sababu korosho zilikuwa zimeanguka nyingi na ukiziacha chini zinaharibika. Tulikwenda wanne: mimi, wifi, mama mkwe na shoga yake mkubwa, jirani yetu wa upande wa pili wa barabara. Mama huyo ni Mwislamu, mfupi, mnene, mwenye kujua habari za kila mtu hadi Newala mjini, na yeye na mama mkwe wamekuwa marafiki tangu walipoletwa pale wakiwa maharusi. Wote wanne tulikuwa na magauni na kanga mbilimbili. Mimi na wifi tulikuwa na pensi zetu chini. Njia nzima wifi alinifinya kiunoni ili ajihakikishie kwamba nimeivaa.

Kuokota korosho ni kazi ya kuinama. Unainama, unaokota bibo, unanyonga korosho unaitia kwenye ndoo, bibo unalitupa pembeni, unainama tena. Harufu ya mabibo yaliyoiva inakupanda kichwani kana kwamba umekunywa. Kufika saa nne jua lilikuwa limetukalia mgongoni. Jirani alikuwa anasimulia habari ya harusi moja iliyovunjika, na mama mkwe alikuwa chini ya mkorosho mkubwa wenye matawi yanayogusa ardhi, akijipenyeza ndani ili apate zilizoangukia karibu na shina.

Sasa, kwenye mikorosho kuna siafu wa mtini ambao huku tunawaita maji moto. Jina linatosha. Ni wekundu, wanajenga viota kwa kushona majani, na mkulima hawafukuzi kwa sababu wanakula wadudu wanaoharibu korosho. Anachofanya ni kuwaheshimu. Mama mkwe aliwaheshimu maisha yake yote, ila siku ile mgongo wake ulikita kwenye kiota, na kiota kikapasuka kikamwagikia shingoni, kikaingia ndani ya gauni.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Alitoka chini ya mti ule kwa mwendo wa mtu aliyeitwa mbele kanisani, akasimama katikati ya uwazi, akafungua kanga ya kwanza akaitupa. Akafungua ya pili akaitupa. Kisha heshima ikamwishia. Akalishika gauni kwa pindo la chini na kulivua lote kwa mkupuo mmoja kupitia kichwani, akabaki anajipiga mabega na mgongo, akirukaruka kwa mguu mmoja na kubadilisha mwingine.

Alikuwa amevaa sidiria nyeupe na pensi ya kijani yenye kasuku.

Sisi tulikuwa tumekimbia kwenda kumsaidia. Tulisimama. Wifi alikuwa mbele yangu na nilimwona mabega yakianza kutetemeka. Jirani alikaa chini juu ya mabibo, ndoo mapajani, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye kasuku mmoja aliyekuwa kwenye paja la kushoto, kwa sababu sikujua mkwe anatazama wapi katika hali kama ile. Kisha nikajikaza nikaenda kumpangusa siafu mgongoni kwa mkono, naye akainamisha shingo niwatoe, mmoja mmoja.

Walipokwisha aligeuka akaniangalia. Alikuwa na uvimbe mwekundu juu ya jicho.

"Siku ile," akasema, "upepo uliileta chumbani kwangu."

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi, na nadhani nilipiga ukelele kwanza kama mtu aliyeumwa. Wifi alimkumbatia mama yake wakaanguka wote wawili. Jirani alicheka bila sauti, machozi tu yakitiririka, akiashiria kwa mkono tumwache apumue. Mama mkwe alikuwa amelala chali kwenye majani makavu, akicheka kwa sauti nene ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, na kila aliponyamaza alijitazama mapaja akaanza upya.

Ikawa hakuna sababu ya kuficha. Mimi na wifi tulivua magauni tukabaki na fulana na pensi. Jirani alilalamika kwamba yeye peke yake ndiye ameletwa shambani kama mgeni, hakuambiwa kuna sare. Tulimaliza mikorosho ile yote hivyohivyo, magoti nje, tukiinama na kuinuka bila nguo kutukamata miguu, na kazi ilikwenda upesi ajabu. Mchana tulikaa kivulini tukala ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwa chumvi, na mama mkwe akaeleza. Alisema aliiona pembeni ikichungulia chini ya kanga, akadhani ni shuka ya mtoto. Alipoivuta na kuiona ni nini, alikusudia kuirudisha. Aliingia nayo chumbani ili aitazame vizuri kwenye mwanga wa dirisha, kisha akataka ajue tu inakaaje. Baada ya hapo, alisema, hakuona sababu ya kuivua.

Alisema pia kwamba alipokuwa msichana shuleni, misheni, walivaa bukta za bluu siku za michezo, na alikuwa na mbio. Tangu aolewe hakuwa amesikia upepo magotini. Alilisema hilo akimenya ming'oko, kama mtu anayesema bei ya chumvi imepanda, kisha akamwomba wifi amsogezee maji.

Wiki iliyofuata alitaka kwenda Masasi. Mume wangu alipouliza anakwenda kufanya nini alijibiwa kwamba ni mambo ya akina mama, naye akaitikia kwa haraka ya mtu aliyelelewa vizuri. Wifi alitupokea tukaenda moja kwa moja sokoni. Belo lile lilikuwa limepungua lakini pensi zilikuwepo. Mama mkwe aliinama akaanza kuchambua kwa umakini aliokuwa nao wakati wa kuchagua mbegu: alivuta lastiki, akaitazama mishono kwa ndani, akainua kitambaa juani aone kama kinaonyesha. Moja ya maboga ilimvutia. Akasimama hapohapo, akaipitisha miguuni chini ya gauni, akaipandisha, akatembea hatua kadhaa akarudi.

Mchuuzi, kijana mwenye kofia, alimwambia kwa adabu kwamba hizo huwa ni za kuvaa baharini, bibi, wazungu wakienda kuogelea.

"Mimi nina mikorosho," mama mkwe akamjibu, akaomba apunguziwe.

Aliondoka na ya maboga, na ya michirizi kwa ajili ya shoga yake, na nyingine ya mananasi ambayo hakusema ni ya nani. Njiani kurudi aliushikilia mfuko mapajani. Nilipomtazama alikuwa anaangalia milima ya mawe ya Masasi ikirudi nyuma, na mdomo wake ulikuwa unajizuia.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilibadilika, ingawa mtu wa kupita barabarani asingejua. Mbele ya nyumba tulikuwa wakwe wenye kanga. Nyuma, uani, ambako ukuta wa matete unatukinga, tulikaa mchana wa joto na pensi zetu, tukichambua mboga na kubishana. Alinifundisha nyimbo za Kimakonde za kusindikiza kazi, na maneno mengine hakunitafsiria, alisema nitayaelewa nikizeeka. Nilimfundisha kutuma ujumbe wa sauti, na jumbe zake nyingi kwa wifi zilikuwa ni kicheko kwanza, habari baadaye. Kuna siku nilimkuta anaigiza mwendo wa mwalimu mkuu wetu, mgongo nyuma, tumbo mbele, kasuku wakitikisika, na watoto wangu wamekaa mkekani kama wako kwenye maonyesho. Mume wangu alipokuwa nyumbani tulijifunika. Alisema tu kwamba siku hizi akija anasikia vicheko tangu barabarani, na akibisha hodi vinakatika, na kwamba angependa siku moja ajulishwe. Mama yake alimwambia ale chakula kisije kikapoa.

Kisha mvua ya kwanza ikaja, na haikubisha hodi.

Korosho zote za mavuno yale tulikuwa tumezianika mbele ya nyumba kwenye turubai kubwa, kando ya barabara, kwa sababu pale ndipo jua linapokaa. Ilikuwa alasiri. Mimi, mama mkwe na jirani tulikuwa uani tukipepeta mchele, wote watatu na pensi. Wingu lilitokea upande wa Newala mjini na kabla hatujamaliza kulisema, matone makubwa yalianza kupiga bati. Korosho iliyokwisha kukauka ikilowa tena inaharibika, nayo ndiyo ada ya shule, ndiyo bati jipya, ndiyo kila kitu. Hakuna aliyekumbuka kanga. Tulipita ndani ya nyumba tukatokea mbele mbio.

Chini ya upenu wetu alikuwa amesimama katekista wa kanisani, amejikinga mvua, baiskeli yake ubavuni. Baadaye tulijua alikuwa amekuja kuzungumza na mama mkwe juu ya ibada ya shukrani ya mavuno. Alituona tukitokea: michirizi, maua, na kiongozi wa akina mama katika kasuku. Alitazama juu haraka, akaanza kuchunguza mbao za paa letu.

"Shikamoo mama," akaliambia paa.

"Marahaba," mama mkwe akaitikia, kwa ile sauti yake ya siku zote. "Shika kona hiyo."

Akashika. Angefanya nini? Tukashika kona moja kila mtu, wanne, tukakunja turubai kuelekea katikati na kuliburuta lote hadi sebuleni, mvua ikituchapa, jirani akiteleza kwenye tope na kuinuka na kuteleza tena, katekista akirudi kinyumenyume, uso kaugeuzia barabarani, akituuliza kila mara kama kizingiti kiko karibu. Bodaboda mbili zilipita. Moja ilipunguza mwendo. Mama mkwe aliwapungia mkono wasije wakadhani kuna msiba.

Hazikulowa. Chache za pembeni tu, tukazitenga. Tulipokwisha kuzimwaga sebuleni, tulikuwa tunatweta, maji yanatuchuruzika, na katekista alikuwa amesimama akitazama picha ya harusi yangu ukutani kana kwamba anaijua. Mama mkwe aliingia chumbani. Alitoka na kanga mbili, kilemba kimefungwa, akaketi, akaagiza chai, akamwuliza habari za ibada. Walizungumza juu ya nani ataleta muhogo na nani atapamba madhabahu. Katekista alijibu vizuri kila kitu, akanywa vikombe viwili, akashukuru, akaondoka mvua ilipopungua. Tulisubiri hadi baiskeli ilipopita kona. Jirani ndiye aliyeshindwa kwanza.

Nilikuwa na hofu kidogo, sikatai. Mimi ni mgeni katika kanisa lile, na maneno husafiri. Nilimwuliza mama mkwe tutafanyaje yakizagaa. Alikuwa anakamua maji kwenye kasuku. Alisema akina mama anaowaongoza wote wana mikorosho na wote wanajua Oktoba, na kama kuna mwenye neno atamletea yeye.

Jumapili hakuna aliyesema kitu. Nilichunguza nyuso zote nikiimba, sikuona lolote. Jumatatu jioni, ndipo mke wa katekista alipokuja. Alikuwa amebeba muhogo kwenye ungo, ingawa sisi tuna muhogo na yeye anajua. Alikaa. Alisifu mvua. Aliuliza habari za watoto, za mbuzi, za wifi kule Masasi, akauliza kama Masasi bado kuna joto. Akasema mumewe alirudi siku ile amelowa, na alimsimulia jinsi alivyosaidia korosho zisiharibike, na kwamba kuna sehemu ya habari aliyoiruka, ambayo yeye alilazimika kuisikia kwa watu wa bodaboda.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na ile pensi ya mananasi, bado ina mikunjo ya sokoni. Akaikunjua, akaipima kwa macho kwenye kiuno cha mgeni.

"Jaribu hii kwanza," akasema.

Mke wa katekista aliipokea kwa mikono miwili. Aliuliza kwa sauti ndogo ni chumba gani, nikamwonyesha. Mlango ukafungwa. Mimi na mama mkwe tulikaa na kanga zetu, tumenyooka, hatutazamani, kwa sababu tulijua tukitazamana tutaharibu. Kwa muda hatukusikia kitu ila mbuzi nje. Kisha tulimsikia akicheka, peke yake, mle ndani.